Maji ya Vuguvugu ya Ami Khmaies

Mpendwa Bi Nejia,

Nina furaha ambayo haishuki kooni, nisaidie kabla haijanikaba. Mimi ni mhandisi, nina miaka ishirini na tisa, nafanya kazi katika maabara moja hapa Sfax ambako tunatengeneza mashine ya kupiga picha ndani ya titi kwa mwanga na sauti, yaani mwanamke analala kifudifudi, titi linaingia kwenye bakuli la maji, tunamulika kwa leza, damu ikipigwa na ule mwanga inapata joto kidogo mno na kutoa mlio ambao sikio halisikii, vinasa sauti vilivyozunguka bakuli vinaudaka, na programu niliyoiandika mimi inapiga hesabu mlio umetoka wapi na kuchora mishipa, maana uvimbe mbaya hujikusanyia mishipa, tukiona fundo tunashtuka.

Sasa tangu Januari picha zikawa na ukungu, mshipa mmoja unaonekana miwili, na profesa wetu, Bi Mongia, akamgeukia fundi wetu mzee, ambaye sote tunamwita Ami Khmaies kwa heshima, aliyevifunga vile vinasa sauti kimoja kimoja kwa mkono wake, akamwambia mbele yetu sote, "Umevisogeza, Khmaies! Macho yamekuishia, kubali tu!" Mzee akajibu, "Bibi, havijasogea hata unywele," lakini nani alimsikiliza, akapelekwa stoo kuhesabu glavu.

Katikati ya hayo shangazi yangu Fattouma, aliyenilea mama alipofariki, akajitolea kupigwa picha, na titi la kushoto likaonyesha fundo. Daktari akasema achomwe sindano kipande kitolewe kikapimwe, siku ikapangwa, na shangazi akaanza kugawa vitu vyake, bangili kwa huyu, kabati kwa yule, mimi nikapewa cherehani. Siku niliyopewa cherehani sikuweza kukaa nyumbani, nikarudi maabara kuipitia programu mstari kwa mstari, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Desemba, tukinywa kahawa, Ami Khmaies aliniambia, "Binti yangu, wanawake wanatetemeka kwenye yale maji, kuanzia Januari nitakuwa nayapasha yawe vuguvugu, usisahau kwenye hesabu zako," nami nikamjibu, "Sawa, Ami," macho yangu yako kwenye simu. Sauti hukimbia zaidi kwenye maji yenye joto, programu yangu ilidhani bado ni baridi, basi kila kitu kikahama kama milimita moja na nusu, na hiyo inatosha kuivuruga mishipa mizima ikaonekana fundo.

Nikabadilisha namba. Picha ya shangazi ikajichora upya, mishipa miwili tu inayopishana, na daktari aliposhikilia achomwe sindano hata hivyo, jibu likaja lile lile, hana kitu! Nililia hadi nikapata kwikwi. Shangazi akaleta maabara sinia la makroudh, vile vitamu vya tende, na Bi Mongia akatangaza kwamba mimi, Dalenda, nimegundua njia ya kusafisha picha, watu wakapiga makofi, nami nikanyamaza. Picha zote mpya zinatoka safi. Ami Khmaies bado yuko stoo. Nikisema nitapoteza kazi. Kwa kuwa yote yameisha salama, je, si afadhali niyaache?

Dalenda, Sfax

*

Binti yangu Dalenda,

Mpe shangazi salamu zangu, na umrudishie cherehani yake, ataihitaji. Haya, tumeshafurahi. Sasa kaa vizuri.

Yote yameisha salama kwa nani? Nimeisoma barua yako mara mbili nikiwatafuta wanawake wengine, sikuwaona. Tangu Januari wamelala wangapi juu ya bakuli hilo? Mimi hata ujumbe wa simu naandikiwa na mjukuu, lakini nakuuliza: hesabu inayoweza kuchora fundo lisilokuwepo, haiwezi kulificha lililopo? Kila mmoja wao ni shangazi wa mtu.

Kukosea namba si dhambi, kila anayefanya kazi hukosea. Ulipokosa ni pale ulipopigiwa makofi ukayapokea, huku mwenye haki anahesabu glavu. Najua unaogopa. Ogopa, lakini nenda.

Kesho asubuhi ingia kwa Bi Mongia, machozi yaache nje ya mlango. Mwambie, "Namba haikuwa sahihi, niliambiwa, sikuiandika." Usiongeze "lakini". Kisha chora upya kila picha ya kipindi hicho, na daktari, si wewe, aamue nani aitwe. Kisha waite watu wale wale waliosikia mzee akitukanwa, useme mbele yao. Aibu iliyotolewa hadharani haifutwi kwa kunong'ona stoo.

Jibu hili nakutumia kwa mkono leo, sisubiri gazeti la Ijumaa. Wanawake hao nao wasisubiri.

Nejia

*

*Dalenda ameniruhusu nichape na hii, iliyonifikia wiki tano baadaye.*

Bi Nejia, nilikwenda. Bi Mongia akauliza tu, "Picha ngapi?" Nikasema thelathini na nne. "Basi kaa uanze. Nikugombeze saa ngapi, na kazi yote hii?" Kazi yangu ninayo, ila jina langu limeondolewa kwenye orodha ya wanaokwenda mkutano wa wanasayansi wa Tunis, na ni sawa.

Nilipokiri mbele ya wote, Ami Khmaies alisimama. "Miezi mitatu, Dalenda! Nahesabu glavu hadi usingizini!" Bi Mongia akamwomba radhi pale pale. Amerudi na kipimajoto alichokiunga mwenyewe, kinapeleka joto la maji moja kwa moja kwenye programu, anasema hataki tena kupitia masikio yangu.

Picha thelathini na tatu, zilipochorwa upya, hazikuwa na fundo lolote. Ya thelathini na nne ilikuwa ya mwoka mikate wa Mahdia, Bi Hallouma, tuliyekuwa tumemwambia haonekani kuwa na kitu. Uvimbe wake ulikuwa mdogo kama punje ya dengu. Amepasuliwa Jumanne, na daktari anasema wameuwahi. Nilimpigia simu kumwomba msamaha, nikaangua kilio.

"Mbona unalia wewe?" akaniuliza. "Mgonjwa si nilikuwa mimi?"