Mtandao Ulirudi Tangu Jumanne

Kitindamimba wangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Mimi na paka hatujambo. Cherehani imepona, na paka amekitwaa kiti cha mama yako.

Zile nane nne za DNS, namba za kutafutia tovuti, ulizoniambia Jumanne niziandike kwenye kompyuta badala ya namba za kampuni ya mtandao, zilikubali palepale. Majirani bado wanalia kukosa mtandao, mimi ninao. Lakini nilikwambia haujarudi. Ukanipigia tena Jumatano, Alhamisi, na jana: "Baba, bonyeza hapo. Taratibu." Nami nikajifanya mzito wa kuelewa. Tangu tumzike mama yako, tulikuwa hatuongei zaidi ya dakika mbili.

Nisamehe. Barua pepe hii ikikufikia, utajua mtandao upo. Ila kesho nipigie tu. Nitakuwa nimeshasahau pa kubonyeza.

Mwanafunzi wako mzito,
Baba