Ilichukuliwa na Nani

Mwalimu Ouma,

Nimekukosea. Naanza na hiyo kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu najijua, nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Ile daftari yako ya maneno ya Kiingereza, ile ya jalada la bluu uliniletea nikupigie taipu, iko kwangu. Iko kwa droo, chini ya karatasi za fotokopi. Haijatoka hapa dukani hata siku moja.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaifanya? Wewe umesimama nyuma yangu na chai yako, unasoma, mimi napiga. "Hii lori inatembea kama mgonjwa. Hiyo ni simili, Hamisi. Sasa toa kama. Hii lori ni mgonjwa. Hiyo ni metafa." Nikishangaa unaniambia, "Vidole vyako vinajua Kiingereza kuliko kichwa chako." Ilikuwa kweli. Mimi niliacha shule darasa la saba, huko Tororo. Lakini daftari yako niliielewa, kwa sababu mifano yote ilikuwa ya hapa mpakani: malori, mihogo, ng'ombe za watu.

Ulifariki tukiwa tumebakisha kurasa mbili. Nilikuja Dabani kukuzika, nikabeba hata viti. Halafu nikarudi dukani, nikamaliza zile kurasa mbili, na pale juu, mahali pa jina lako, nikaandika Hamisi, nikatoa fotokopi nikaanza kuuza. Hakuna mtu alinituma.

Sasa wanafunzi wanatoka pande zote mbili za mpaka kuuliza kitabu ya Hamisi. Na wananiita Mwalimu. Hata mama wa mboga ananiita hivyo. Mtu wa darasa la saba! Wewe uliitwa hivyo tangu ujana, sijui kama ulijua utamu wake. Huo utamu ndio uliniziba mdomo.

Wiki iliyopita binti yako Nekesa alikuja. Anafundisha Kiingereza huko Kirewa sasa. Hakutaka kitabu. Alitaka mwandiko wako. Alisema nyumbani kumebaki koti yako na miwani, lakini hakuna karatasi hata moja umeandika kwa mkono wako. Akauliza ile daftari. Nikamwambia, "Ilichukuliwa."

Akaniangalia. "Na nani?"

Mwalimu, ilikuwa ni wewe kabisa. Ile ukurasa mimi mwenyewe niliipiga: ng'ombe iliibiwa. Na pembeni uliandika kwa kalamu nyekundu, "Pasivu ni blanketi. Mwizi analala chini yake. Uliza kila mara: na nani?" Tulicheka siku hiyo mpaka ukamwaga chai kwa kibodi. Herufi ya M mpaka leo inakwama.

Na mimi nikaingia chini ya hiyo blanketi, mbele ya mtoto wako, nikajifunika mpaka kichwa. Nikasema sijui. Akasema, "Asante, mzee," akatoka kwa jua kali. Maji hata sikumpa.

Basi. Imetosha.

Leo asubuhi nimebadilisha jalada. Jina ni lako. Langu liko chini kabisa, kwa herufi ndogo: imepigwa taipu na Hamisi. Najua ni pasivu, lakini hiyo ina mtu ndani. Na kuanzia leo mtu akiniita Mwalimu, nitamwambia Mwalimu amelala Dabani.

Pumzika. Usinisamehe haraka, ngoja kwanza uone.

Jumamosi hii sifungui duka. Kabla ya saa sita mchana nitakuwa Kirewa, mlangoni kwa Nekesa. Nitamwekea daftari mkononi, nyekundu yako yote ikiwa ndani, na nitamwambia sentensi moja, mtendaji akiwa mbele kama ulivyofundisha: Mimi nilichukua.

Hamisi