Mlango wa Chumba cha Injini

Riruta,
Jumatatu jioni.

Mpendwa dada Waithera,

Pokea salamu zangu za mapenzi. Mgongo umepoa? Na yule mama unayemfanyia kazi huko Doha, amepunguza ukali? Sisi tunashukuru Mungu, ila kifua cha Baba hakipendi baridi hii ya Julai. Barua hii nimempa Wavinya, anayerudi kazini huko Doha, akuletee mkononi, maana mambo haya hayaandikiki kwenye simu.

Hukuruhusiwa kuja kumzika ndugu yetu Dan, na tangu hapo tumekuwa tukikueleza nusunusu. Unakumbuka alivyolala na dirisha wazi, akidai chumba kikifungwa kinamkaba. Tulimcheka sana alipojiunga na jeshi la wanamaji akapangiwa kazi ya injini, chini kabisa ya meli. Alisema injini ikinguruma hata hakumbuki kuna kuta. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Walikuwa kwenye doria karibu na mpaka wa Somalia wapiganaji walipowarushia roketi kutoka nchi kavu. Moto ukashika chumba cha injini. Wengine walikimbia juu, Dan akabaki nyuma kufunga bomba la mafuta. Mlango wa chuma ukafungwa, moto ukazimika, na meli ikarudi na watu wote wakiwa hai isipokuwa yeye.

Jeremy, rafiki yake wa meli ileile, alikuja mazishini mkono ukiwa na bandeji. Tangu siku hiyo huja kila Jumapili. Ametengeneza tangi la maji, humnyoa Baba ndevu, wanakula pamoja. Baba humwita mwanangu.

Mwezi uliopita Jeremy alinifuata kazini Hurlingham. Tukakaa kwenye ngazi za nje. Akaniambia kwamba aliyefunga mlango ule ni yeye, kwa amri, ili moto usifikie risasi.

"Dan alikuwa anagonga," akasema. "Nilijua ni yeye."

Dada, tangu hapo sina pa kwenda. Nikimwambia Baba, nimemnyang'anya mtoto wa pili. Nikinyamaza, naupakulia chakula mkono uliofunga mlango. Nikawa kila Jumapili baada ya ibada nazunguka Kilimani, natazama maghorofa ya watu, hadi nijue Jeremy ameondoka.

Jana Baba aliniuliza namkimbia nani. Nikashindwa kudanganya, nikamweleza yote nikilia. Yeye aliendelea kumenya viazi. Kisha akasema:

"Aliniambia siku ya mazishi, jeneza likiwa bado juu ya kaburi."

Nikamuuliza amewezaje kumkaribisha mezani.

"Ndiye wa mwisho kumsikia mtoto wangu. Nimfukuze, nibaki na nani?"

Kumbe muda wote huo alikuwa ananificha, akihofu nitamchukia Jeremy. Na kweli namchukia, Waithera. Simchukii kila saa, lakini namchukia. Ila Jumapili ijayo sitatoka. Nitakaa mezani na kumwuliza kitu ambacho Baba hajathubutu kuuliza: kama katika kugonga kule, Dan aliita jina la yeyote kati yetu.

Baba anakusalimu na kukubariki. Jirani yetu Veronicah naye anakuulizia kila siku. Vaa sweta, najua wanawasha baridi ya mashine humo ndani. Mungu akurudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako,
Mwihaki