Hesabu ya Siku za Mama

Mji Mkongwe, 9 Januari 2025

Kwako Kaka Sami,

Assalaam alaykum. Natumai mitihani umeimaliza salama na baridi ya huko haijakudhuru. Huku tu wazima sote, ila goti la Bibi, na mwenyewe anasema goti si ugonjwa, ni umri.

Nakuandikia barua pepe hii kwa sababu kusema kwenye simu siwezi. Bibi hukaa ubavuni mwangu, na hata asipokuwepo unanijua, maneno hunikauka mdomoni.

Jumatatu Mama na Baba wanafika kwako, na kuna jambo hawatakwambia. Baba amemwacha Mama. Ilikuwa Jumanne, tarehe 5 Novemba, baada ya Magharibi. Tangi la maji lilifurika, maji yakamwagikia cherehani za fundi wa chini. Baba akasema ni uzembe wa Mama. Mama akasema tangi hilo amemwambia alitengeneze tangu Ramadhani. Baba akachana karatasi kwenye daftari langu la hesabu, akaandika talaka moja. Nilikuwa nimekaa pale pale, na kalamu aliyoandikia ilikuwa yangu.

Tiketi zilikwisha kukatwa zamani. Bibi alimwambia Mama, "Na eda yako utaipeleka wapi?" Mama akasema, "Eda nnakaa kwa mume, na mume ndiye anayenipeleka. Mwanangu sijamuona miaka mitatu. Mimi nnakwenda."

Sasa sikiliza, Kaka. Maadamu Mama yumo ndani ya eda, Baba anaweza kumrejea kwa neno tu. Eda ikitoka hana tena amri hiyo. Itabidi aende kuposa kama mtu baki, na Mama ana haki ya kumkataa. Nimetazama kitabu cha fiqhi cha marehemu Babu. Ni miezi mitatu, kwa hivyo mwisho ni tarehe 5 Februari.

Hapa hawasemezani, na Mama analala kitandani kwangu. Huko mtakuwa watatu ndani ya nyumba ndogo na theluji mlangoni. Mfanye Baba aseme. Mimi siwezi. Wewe unaweza.

Mdogo wako,
Asila

*

Erzurum, Uturuki, 15 Januari 2025

Asila, mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Wamefika salama, na halwa yako imefika, ingawa imekuwa ngumu kama jiwe na tumeikata kwa msumeno wa mkate. Bibi mwambie goti alifunge kitambaa cha moto.

Barua yako niliisoma mara nne. Nilikasirika kwamba mmenificha tangu Novemba, halafu nikakufikiria wewe na kalamu yako, hasira ikanitoka.

Rafiki yangu amekwenda kwao likizo hii ya baridi, kaniachia nyumba yake: chumba kimoja, sebule na jiko. Mama na Baba niliwapa chumba. Mama kajitandikia chini, Baba yuko kitandani, na asubuhi hakuna anayesema alilalaje. Lakini nisikilize. Jana tulikwenda sokoni. Baba alikataa kuvaa glavu, kasema yeye hajawahi kuvalisha mikono nguo. Tuliporudi vidole vimemvimba, hawezi hata kufungua vifungo vya koti. Mama alikuwa amekaa karibu na moto, kichwa wazi, nywele zake za mikia miwili kama zamani. Akamshika mikono, akaiweka katikati ya mikono yake, akaisugua mpaka ikapata damu. Hawakutazamana, lakini hakumwachia upesi.

Mama alipokwenda jikoni nikamwambia Baba, "Nnajua kila kitu. Mrejee."

Akasema, "Kakwambia nani?"

"Haidhuru. Mwisho tarehe tano mwezi ujao."

Akahesabu kwa vidole vyake vilivyovimba. "Basi siku zipo," akasema.

Kaka yako,
Sami

*

Mji Mkongwe, 17 Januari 2025

Kaka Sami,

Assalaam alaykum. Natumai mko katika afya. Mimi nina afya kuliko siku zote! Ile habari ya mikono nimeisoma skuli wakati wa mapumziko, na Shadya, anayekaa nami dawati moja, akaniuliza mbona nacheka peke yangu.

Usimsukume Baba. Unakumbuka ulivyomshikilia apeleke redio ya Bibi kwa fundi, akaiweka juu ya kabati mwaka mzima? Mwache aone kama fikra ni yake. Siku zipo, kama alivyosema. Nimeziweka alama kwenye kalenda, zimebaki kumi na tisa.

Bibi ameanza kusema chumba cha Mama na Baba kipakwe chokaa wakirudi.

Mdogo wako,
Asila

*

Erzurum, 24 Januari 2025

Asila,

Assalaam alaykum. Hatujambo, ila baridi imezidi. Juzi maji yaliganda kwenye bomba.

Nimefanya ulivyosema, sikumsukuma. Na mwenyewe juzi alikuja kunambia amepanga: Jumamosi, tarehe mosi, nipike mimi, tukae sote mezani, naye aseme mbele yangu ili niwe shahidi. Anataka alifanye kwa heshima kwa sababu lile la tangi alilifanya bila ya heshima. Hayo ni maneno yake.

Mama simwelewi. Tangu Alkhamisi ya wiki iliyopita amehamia chini kwa bibi mwenye nyumba, mjane anayekaa peke yake. Anasema kule kuna joto zaidi. Hawana lugha moja, lakini wanamenya viazi pamoja siku nzima. Akipanda kwetu hatoi mtandio kichwani, hata akikaa karibu na moto. Nikamwambia, "Mama, humu ndani mbona pana joto?" Akanijibu, "Mimi nnahisi baridi, mwanangu." Nitamnunulia koti zito zaidi.

Siku nane tu. Niombeeni dua.

Kaka yako,
Sami

*

Erzurum, 29 Januari 2025

Asila, assalaam alaykum. Mbona kimya? Natumai ni masomo tu. Koti nimelinunua, la rangi ya karafuu mbichi. Mama kalipenda, lakini mtandio hautoki. Jumamosi inakuja.

Kaka yako

*

Erzurum, 3 Februari 2025

Asila,

Assalaam alaykum. Nilimpigia Bibi, akasema u mzima, unasoma. Nimeshukuru. Sijui hata nianze vipi.

Jumamosi nilipika supu ya dengu. Baba alikuwa amenyoa ndevu, kavaa kanzu juu ya suruali mbili. Mama akapanda. Baba hakungoja hata nigawe mkate.

"Badriya," akasema, "nimekurejea." Akatabasamu, Asila.

Mama akaweka kijiko chini. "Umemrejea nani?"

"Wewe. Mke wangu."

"Mimi si mkeo, Salem. Tangu siku ya nne ya kufika hapa. Ulifikiri nimehamia chini kufuata joto?"

"Miezi mitatu haijesha!"

"Miezi mitatu ni ya waliokoma na wasioanza. Mimi bado. Nimehesabu kama anavyohesabu mwanamke, na yangu imetoka."

Baba akanigeukia. "We si ulinambia tarehe tano?"

Mama naye akanitazama. "Na we kakwambia nani?"

Nikasema nimesoma mahali.

Mama akauvuta mtandio mbele kidogo, akala supu yake mpaka mwisho, akaniambia imekolea chumvi vizuri. Halafu akashuka. Baba alikaa pale mpaka supu yake ikafanya utando.

Kosa ni langu. Siku ile ya mikono ningemng'ang'ania, angesema. Mimi nikakaa nangoja Jumamosi. Wanarudi tarehe nane. Kwenye ndege Mama ameomba kiti cha mbali.

Kaka yako,
Sami

*

Mji Mkongwe, 26 Februari 2025

Kwako Kaka Sami,

Assalaam alaykum warahmatullah. Bibi hajambo, goti lile lile. Ramadhani imekaribia. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nimeiandika barua hii mara nyingi nikaifuta.

Kosa si lako. Nilijua tangu tarehe 25 Januari. Uliponiandikia habari ya mtandio nilielewa kabla sijamaliza kusoma. Mwanamke hajifuniki mbele ya moto wake kwa baridi. Anajifunika kwa sababu mbele yake kuna mwanamume asiye wake. Nikakitoa kile kitabu cha Babu. Imeandikwa wazi kwamba mwanamke anayepata hedhi huhesabu tohara tatu, si miezi, ukurasa mmoja tu kabla ya ule niliousoma. Siku ile ya kwanza nilipoufungua niliona neno hedhi juu yake, na Bibi alikuwa amekaa mbele yangu anachambua mchele. Nikaona haya nikaupindua upesi. Ukurasa wa pili ukasema miezi mitatu, nikafurahi, nikakifunga.

Mama alilala kitanda kimoja na mimi zaidi ya miezi miwili. Swali la kumuuliza lilikuwa moja tu. Na mezani hukunitaja, Kaka.

Siku waliyorudi Mjomba Haroub alimngoja Mama uwanja wa ndege, akamchukua moja kwa moja mpaka kwake, mtaa wa Ng'ambo. Bibi alikuwa amepika kwa watu wanne. Mimi huenda kwa Mama kila Ijumaa baada ya skuli. Koti lako limetundikwa nyuma ya mlango, na watoto wa Mjomba hujificha ndani yake.

Wiki ya kwanza nilimwambia yote. Hakunigombeza. Alisema, "Ungeniuliza." Kisha akasema, "Wakati wa kwenda, Istanbul tulikaa muda wa saa saba tunangoja ndege ya pili. Viti viwili, bega kwa bega. Nilikuwa mkewe bado, na nnajua ni siku za mwisho. Akanigeukia, moyo ukanipiga. Akaniuliza kama nnataka chai. Nikasema nnataka. Akaenda kuleta chai."

Nikamuuliza, na Baba akija kuposa upya?

"Mwambie baba yako asije. Alikuwa na neno moja la kusema, na siku sabini za kulisema. Sasa hata akija na maneno elfu siyataki. Mwambie hivyo hivyo."

Nikaitikia naam.

Baba ametengeneza tangi. Ameweka na boya jipya. Kanzu yake nyeupe ameipiga pasi ipo juu ya kiti, kwa siku atakayokwenda kwa Mjomba. Kila Ijumaa nikirudi hunikuta ngazini, nami sijavua hata viatu.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Kasema nini?"

Nami nasimama pale, mkoba mgongoni, na yale maneno ninayo yote kama alivyoyasema. Nasema, "Hajasema kitu, Baba."

"Basi siku zipo," anasema, anapanda juu kumwambia Bibi.

Ijumaa iliyopita ilikuwa ya pili. Keshokutwa ni ya tatu.

Mdogo wako,
Asila