Unyayo Kwenye Kompyuta

Mjukuu wangu Achieng,

Hapa Rongo tuko wazima. Nyanya yako anapalilia njugu. Unauliza umwekee mama yako Linux gani, maana mifumo hiyo ya kompyuta ni mingi, kwenye kompyuta ya nyumbani.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilimwekea nyanya yako, karani wa kikundi cha akina mama, ile iliyonipendeza mimi. Kitufe cha menyu kilikuwa picha ya unyayo. Akakataa kukaa mbele ya kompyuta.

"Baba Atieno, nani amechota unyayo wa mtu akaufungia humu?"

Kwetu, anayechota udongo wa unyayo wako hakutakii mema. Nilicheka. Yeye akaandika hesabu za kikundi kwa mkono mwezi mzima, mpaka nikabadilisha sura ya skrini.

Ile ya unyayo ilikuwa nzuri zaidi, hata leo nabisha. Lakini aliyekaa pale hakuwa mimi.

Muulize mama yako.

Babu yako