Kiraka cha Bibi Yake Anti Devi

Alhamisi, katikati ya Julai. Baridi ya leo haina adabu, na jua lipo kama pambo tu.

Nimeharibu kitu kwa kukitengeneza vizuri.

Anti Devi, mwenye duka la vitambaa hapa Fordsburg, huku kusini mwa Afrika, ninapokodi kona ya cherehani yangu, alinipa sari ya bibi yake nishone pindo lililochanika. Jumapili ukoo mzima unakutana kumkumbuka bibi huyo, na sari itatandazwa mezani. Nilishona pindo. Kisha nikaona kiraka cha kijivu, kigumu kama gunia, kimeshonwa kombo kombo kwa uzi mweusi. Sikuuliza. Fundi wa Morogoro mimi, najijua kwa sifa, nikakifumua na kuweka hariri safi mahali pake.

Leo asubuhi Anti alipapasa pale, kisha akapapasa tena. Nilidhani anastaajabia kazi yangu.

"Mama Neema, kile kilikuwa blanketi la jela," akasema.

Ndipo akanisimulia. Enzi za Mwingereza, Wahindi wa hapa walipolazimishwa kutembea na vyeti vya alama za vidole, bibi yake alibeba kikapu cha ndizi akauza mitaani bila leseni, makusudi, ili akamatwe kwa kupinga vyeti hivyo. Akafungwa, akatoka, akauza tena. Mara ya pili gerezani sari yake ilichanika, akaiziba kwa kipande cha blanketi la jela. Alirudi nyumbani na kiraka hicho na kifua kibovu kilichomuua. Hayumo katika kitabu chochote. Hana hata picha.

Mimi nimewakimbia polisi wa leseni katika mji huu mpaka viatu vikakatika. Yeye aliwafuata.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kiraka nilikuwa nimekitupa kwenye mabaki yangu ya vitambaa, ambayo huchukuliwa kila Jumatano na Papa Kabeya wa mtaa wa Yeoville, anayeyatumia kujazia mito. Jana ilikuwa Jumatano. Nikapanda teksi bila hata kuaga, nikamkuta ameshashona mito mitatu.

"Mama, pasua tu yote, tutashona ingine," akasema, akanipa mkasi mwenyewe. Mungu ambariki.

Kilikuwa kwenye mto wa tatu, katikati ya vipande vya sare za shule. Nililia mbele yake, na sijutii.

Sasa kiko mezani ninapoandika. Matundu ya sindano ya bibi yule bado yanaonekana. Yamekwenda kombo, mengine yamerudi nyuma. Juzi nilisema moyoni kwamba aliyeshona hivi hakujua kushona. Leo nadhani mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi.

Kesho cherehani haiwashwi. Nitafumua hariri yangu, nirudishe kiraka mahali pake, nichukue uzi mweusi, nipitishe sindano katika matundu yale yale, moja baada ya jingine, kombo kama alivyokwenda yeye. Na mkono wangu ukijisahau ukanyoosha mshono, nitafumua nianze upya.