Nywele Zimerudi, Hamu Imeondoka

Bi Mize, assalaam alaykum. Nakuandikia wewe kwenye safu yako ya gazeti kwa sababu jambo lenyewe siwezi kumwambia kaka yangu wala imamu wa msikiti wetu, na mtu ambaye ningemwambia ni mke wangu, lakini mke wangu hayupo nyumbani, yuko kisiwani Makoongwe kwa mama yake, na mimi niko hapa Tibirinzi, Chake Chake, peke yangu na kichwa kilichojaa nywele. Usinicheke, nakuomba.

Nina miaka thelathini na minne, ni fundi wa mafriji na viyoyozi, natengeneza kuanzia Mkoani mpaka Wete. Mke wangu anaitwa Mwanawema. Tulioana kwa kupendana, hatukutafutiwa, na mtoto hatujampata kwa sababu tulikubaliana amalize kwanza masomo yake ya ualimu Unguja. Akija likizo nilikuwa nafika bandarini Mkoani kabla boti haijaonekana, na unisamehe Bi Mize kwa kuyaandika haya, lakini nilikuwa namtamani mke wangu mpaka nikimpokea mzigo nasahau kumsalimia. Alikuwa na tabia moja, tukimaliza kuulizana habari zote anakilaza kichwa changu mapajani, anatia vidole kwenye nywele anazivuruga taratibu huku anazungumza, mpaka nasinzia, na mimi niliamini kabisa kwamba zile nywele ni zake, kwangu zimeota tu.

Mwaka wa pili wa masomo yake zikaanza kuondoka. Kwanza pembeni mwa kipaji cha uso, halafu utosini, nikichana zinabaki kwenye kitana. Kwa kinyozi wakasema uwanja wa Gombani umehamia kichwani kwangu, bado kuwekwa magoli tu, na mimi nikacheka nao. Lakini siku moja nazungumza na Mwanawema kwa video nikainama kuokota bisibisi, akacheka, akasema, "Hebu inama tena! Mume wangu, mbona wafanana na babu yangu?" Alikuwa akitania, na cheko lilikuwa lile lile ninalolipenda, ila mimi nilikata simu nikasingizia bando limekwisha, nikaenda kwenye kioo, nikaona huyu atarudi amkute mzee, na huko chuoni wamejaa vijana wana nywele.

Nina rafiki anaitwa Jaribu, anauza vipodozi kwa simu, huagiza Dubai. Akaniletea chupa ya dawa ya kupaka na vidonge. "Hii upake asubuhi na jioni, na hichi umeze kimoja kila siku. Dunia nzima wanatumia, yakhe." Nikamuuliza kama ina madhara. "Madhara ya nini? Kwani nakupa sumu?" Basi nikaridhika hapo. Daktari sikumwona, na ile karatasi yenye maandishi madogo niliitupa pamoja na boksi.

Ya kupaka ilinitisha mwanzoni, maana nywele zilizidi kupukutika, kichwa kikawasha na kutoa magamba, na siku nilipoipaka nyingi nikidhani ndiyo itafanya haraka, moyo ulinienda mbio nikiwa juu ya ngazi nafunga kiyoyozi, nikashuka nikakaa chini. Nikapunguza, nikaendelea. Vidonge sikuruka hata siku moja. Miezi ikapita nikaona vinyweleo laini kama vya kitoto kichanga, halafu vikakaza, halafu kinyozi mwenyewe akanishika kichwa akauliza nimefanya nini. Bi Mize, nilitembea Chake Chake nzima bila kofia.

Kulikuwa na kitu kingine kinachopungua, lakini sikukiona kwa sababu Mwanawema hakuwapo, alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, hata likizo hakuja. Zamani nikimkumbuka nilikuwa sikai nikatulia, naanza kazi naiacha, napiga simu bila sababu. Sasa nikawa nimetulia. Nikajisifu kwamba hii ndiyo subira, nimekuwa mtu mzima.

Akarudi amemaliza masomo. Nikampokea, tukala, mchana ule ule akafukiza udi, akavaa kikuba, kishada cha maua ya asumini alichokitunga mwenyewe, akanivuta kichwa mapajani kwake kama zamani. "Mashaallah, zimerudi!" akasema, na sauti yake imejaa furaha. Akatia vidole. Na mimi nilihisi vidole, Bi Mize. Vidole tu. Nilingoja kile kitu nilichokizoea kipande kutoka miguuni, hakikupanda. Nikamwambia nimechoka na kazi, akasema haya, pumzika, akanifunika.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa visingizio, mgongo, jua, friji la hoteli limeharibika lazima niondoke. Mara mbili tatu nilijaribu na mwili ukanikatalia, nikageukia ukutani, na yeye akawa ananipapasa bega tu. Usifikiri simpendi. Nikimwona amekaa anachagua mchele moyo unaniuma kwa kumpenda. Lakini ni kama mtu aliyepatwa na mafua akawekewa pilau mbele yake, anajua ni pilau, anakumbuka utamu wake, harufu haisikii. Nikimwomba Mungu simwombi mke mwingine wala mali, namwomba hamu. Ninachokitamani mimi ni kumtamani mke wangu.

Yeye aliacha udi, akaacha asumini, halafu siku moja baada ya sala ya alasiri akaja kuniketia mbele. "Nambie tu, Hafidh. Kama yuko mwengine nijue, sipigi kelele."

"Hakuna, wallahi."

"Basi nna nini mie? Nilikuwa Unguja nakukumbuka mpaka naweka shati lako ndani ya foronya. Nimerudi, weye humo."

Nikasema ni uchovu wa kazi tu, nikachukua mkoba wa bisibisi nikatoka. Kesho yake akafunga nguo zake, akaenda kwa mama yake Makoongwe, na kwa vile yeye ni mtu wa haya, kwa majirani aliaga kuwa mama anaumwa.

Nimemfuata. Mama mkwe, Bi Bimkubwa, alinipokea vizuri, akaniandalia chai na mkate wa kumimina, akasema, "Mwanangu, mwanamke akinyamaza hivi ujue kaumia. Sikuulizi kitu, lakini ukimchukua usinirejeshee maiti." Mwanawema alitoka, akanisalimia, akakaa mbali. Akaniambia anataka mtoto, na hataki kumwomba mtu kitu ambacho hupewa mke bila kuomba. Nikarudi peke yangu.

Ndipo nikasoma kwenye simu kwamba vile vidonge, nilivyovimeza ili anipende zaidi, vinaweza kumfanya mwanamume kuwa hivi. Nikamwendea Jaribu, akacheka, akasema niongeze na vya nguvu za kiume, anavyo vya buluu, mambo yatajipa. Sijavichukua. Na vya nywele sijaviacha, maana nikiviacha nywele zitaondoka, Mwanawema atarudi kumkuta yule babu, na hamu nayo isiporudi nitakuwa nimekosa vyote viwili. Wakati mwingine nafikiri nimpe talaka yake kwa wema apate mume atakayemzalisha, na nikifikiri hivyo sili siku nzima.

Nifanye nini, Bi Mize?

Hafidh, Tibirinzi

*

Hafidh mwanangu, wa alaykum salaam. Majina yenu nimeyabadilisha, kisiwa hichi kidogo.

Sikukucheka. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani nikaifuta. Mwanamume anayelia kwamba anatamani kumtamani mkewe, huyo ndoa yake haijafa. Lakini ngoja nikukaripie kidogo, kwa sababu umenitia hasira pia. Wewe ni fundi. Mtu akikuletea friji akakwambia limwagie gesi yoyote uliyonayo, utamwagia? Hutamwagia, utauliza friji gani, gesi gani. Sasa mwili wako umeufanyia vipi jambo ambalo huwezi kulifanyia friji la watu?

Nimemuuliza daktari wa ngozi ninayemwamini. Anasema kidonge cha aina hiyo hupunguza homoni inayodhoofisha mizizi ya nywele, na ndiyo maana zako zimerudi. Wanaume wengi hukimeza bila tatizo. Wapo wachache ambao huondokewa na hamu, au mwili ukawagomea, au mbegu zikapungua, na wengine huingiwa na huzuni isiyo na sababu. Ukiacha, wengi hali yao hurudi baada ya wiki au miezi. Wapo waliosema kwao ilichelewa sana, hilo sikufichi, na ndiyo sababu nyingine ya kutochelewa. Nywele nazo zitaondoka tena polepole. Ndivyo ilivyo, hakuna wa kukudanganya.

Kwa hiyo kidonge hicho usimeze tena, na wiki hii hii uende hospitali. Chukua na boksi la vidonge unalotumia sasa, daktari alione, maana vidonge vya kununua kwenye simu hata hujui ndani kimetiwa nini. Apime sukari, apime presha, apime atakachoona yeye, kwani mambo haya yana sababu nyingi na mimi kutoka kwenye kiti changu siwezi kusema kwa hakika ni kidonge peke yake. Mwambie pia kwamba kuna siku nzima huli. Usimfiche kwa aibu, yeye husikia haya kila siku. Na ile ya kupaka, daktari ndiye atakayekwambia kama uendelee nayo, maana mtu ambaye moyo humwenda mbio juu ya ngazi si wa kujipakia anavyotaka. Na hivyo vya buluu vya rafiki yako viache huko huko kwa rafiki yako.

Jengine ambalo hukulijua, na sikulaumu kwa hili. Vidonge hivyo vikivunjika au kusagika havitakiwi kuguswa na mwanamke mwenye mimba au anayetarajia, vinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Nawe una mke anayetaka mtoto. Viondoe nyumbani, virudishe duka la dawa wakavitupe wao.

Sasa talaka. Nani kakwambia Mwanawema anataka kuachwa? Yule alitia shati lako ndani ya mto. Umemwacha anajichunguza mwilini mwake ajue amepungukiwa nini, na jibu unalo wewe mfukoni. Hilo ndilo kosa lako, si upara wala vidonge. Panda boti uende Makoongwe, usitume salamu, usitume mama mkwe. Mwambie yote, tangu siku uliyokata simu ukasingizia bando. Usiombe arudi siku hiyo. Mwache akasirike, ana haki, na wewe kaa hapo hapo mpaka amalize. Na ukimaliza kusema, muulize nywele alizitaka kiasi gani. Nadhani hujawahi kumuuliza.

Bi Mize

*

Hafidh ameniandikia tena baada ya miezi kadhaa, na kwa idhini yake na ya mkewe naiweka barua yake hapa.

Bi Mize, nilikwenda kama ulivyosema. Tulikaa uani kwa mama yake, nikamweleza yote. Akasema, "Kwa ajili ya nywele? Mie nimekaa najitazama kwenye kioo natafuta nilipoharibika, kumbe nywele?" Akalia, akanipiga na ncha ya kanga, akalia tena. Nikamuuliza lile swali lako. Akasema, "Nilikuwa nakishika kichwa, Hafidh, si nywele." Lakini hakurudi nami. Akasema niende, akishapoa atajua mwenyewe.

Hospitali nilikwenda, na mara ya pili alikuja tukaingia wote kwa daktari, akauliza maswali kuliko mimi. Sukari sina, presha sina. Dawa zote nimeacha. Nywele zinaondoka, kwa kinyozi wameanza tena na uwanja wao. Mwanawema amepata kufundisha kwa kujitolea skuli ya kule kule, kwa hiyo amebaki Makoongwe, tukawa tunazungumza kwa simu kila siku, habari za watoto wake wa darasa la pili na habari za mafriji yangu. Hamu haikurudi mwezi wa kwanza wala wa pili, nikaanza kukata tamaa, yeye akawa ananiambia tuzungumze tu.

Juzi nilikuwa Wete, nimefungua friji la muuza maji ya matunda, nimelala chini naangalia kompresa, akapiga simu kutoka Makoongwe kuniuliza nilikoweka ufunguo wa kabati lake la vyeti. Alikuwa anakula embe bichi kwa chumvi, nasikia anavyotafuna, anavyovuta pumzi kwa ukali wake, anacheka mwenyewe. Na kikaja, Bi Mize. Sikukiita. Kikaja chote kwa pamoja mpaka nikainuka nikakaa juu ya kasha la soda, mwenye duka akaniuliza kama nimepigwa na umeme.

"Mwanawema," nikamwambia, "nakutamani."

Akaacha kutafuna.

"Sema tena."

"Nakutamani, mke wangu."

"Sasa huko Wete wangoja nini?"

Friji la watu nililiacha wazi.